Kusubiri Mkojo

Katika wodi ile ya watoto mahututi hakuna aliyeanza siku kwa kuuliza umeamkaje. Nesi akiingia zamu, mama akitoka kuoga, baba akichungulia mlangoni kwa sababu ndani haruhusiwi, wote walikuwa na swali moja: amekojoa? Mgeni angeweza kucheka. Huko nje mkojo wa mtoto ni jambo la utani. Anakulowesha ukiwa umevaa kitenge kipya, watu wanakuambia umepata baraka, unabadilisha nguo na mambo yameisha. Mle ndani watu wazima na akili zao timamu walikuwa wanauombea mkojo kama wakulima wa Misungwi wanavyoombea mvua.

Bi Mwaija hakucheka, maana mjukuu wake hakuwa amekojoa tangu azaliwe.

Huyu Bi Mwaija inafaa nimtambulishe kabla sijaenda mbali, kwa sababu usipomjua utamhukumu haraka. Alikuwa mjane wa fundi magodoro wa Igogo, na mumewe alipofariki aliendelea kushona magodoro na mito ya sufi kwenye kibaraza kilekile. Mwanamke mnene, mwenye sauti, aliyezoea kuwa na neno la mwisho. Harusi mtaani haikupangwa bila yeye, na pilau halikuepuliwa mpaka ameonja chumvi. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa tu mtu wa kushika mambo kwa mikono yake, na akiona jambo limekaa bila kufanywa anawashwa mwili mzima. Mungu alimjalia mtoto mmoja, Yasmin, naye Yasmin alikaa kwenye ndoa miaka mingi akiharibikiwa mimba, mpaka mawifi wakaanza kumsema pembeni. Hii ya sasa ilikaa. Uchungu ukachukua muda mrefu kupita kiasi, ikabidi apasuliwe, na mtoto wa kiume akatoka amechoka, hakulia. Madaktari wakampigania mpaka akavuta pumzi, kisha wakamlaza kwenye kile kisanduku cha kioo chenye joto.

Yasmin mshono ulikuwa bado unamuuma, kuinama hawezi. Kwa hiyo aliyekuwa akiingiza mikono kwenye vile vidirisha vya pembeni, akimgeuza mtoto na kumbadilisha nepi, ni bibi yake. Nepi zote zilikuwa zinapitia kwa nesi. Kuna mizani ndogo mezani kwa Sista Dorotea: nepi inapimwa ikiwa kavu, inapimwa tena ikitolewa, na kinachozidi ndicho mkojo. Walikuwa wamejaribu kumwekea mpira mwembamba wa kuutoa mkojo, haukukaa, kwa hiyo mizani ndiyo iliyotegemewa. Kila nepi aliyoipeleka Bi Mwaija ilirudi na jibu lilelile. Kavu, bibi.

Siku ile Justa alikuja akiisukuma mashine yake ya ultrasaundi, binti mrefu mwenye maneno machache. Kabla ya kumgusa mtoto aliifumbata viganjani jeli ya kumpaka mpaka ikapata joto, na Bi Mwaija akampenda papo hapo kwa hilo. Akakipitisha kile kifaa juu ya kitumbo kilichokuwa kidogo kuliko kiganja chake. Kwenye kioo cha mashine yakatokea mawingu ya kijivu, meupe na meusi, na Daktari Nathaniel akainama kumwonyesha Yasmin.

"Hizi hapa figo zake. Umeziona? Hii, na hii. Zina umbo la maharage."

"Nimeziona," alisema Yasmin, ingawa sidhani kama aliziona.

"Zimekuwa nyeupe mno. Figo nzima haing'ai hivi. Na hapa chini ndipo kibofu kilipo. Kikiwa na mkojo kingeonekana cheusi, cha mviringo. Hiki kimesinyaa, hakina kitu."

"Njia imeziba?" Bi Mwaija aliuliza.

"Hapana, bibi. Ingekuwa imeziba, mkojo ungejaa huku nyuma tungeuona. Wakati anazaliwa alikosa hewa, na figo zikakosa pamoja naye. Tuseme zimezimia."

"Zitazinduka?"

"Kuna zinazozinduka. Dalili ya kwanza itakuwa mkojo, ndiyo maana tunausubiri." Alimgeukia Yasmin. "Na ndiyo maana maji tunampa kwa kipimo kidogo sana. Yakiingia mengi hayana pa kutokea. Yataenda mapafuni. Asipokojoa mpaka kesho mchana, tutamwekea mpira mdogo tumboni, tuisafishe damu yake kwa njia hiyo."

Yasmin aliutazama mshono wake mwenyewe, kisha akamtazama mtoto. Akasema kwa sauti ya chini kwamba tumbo lenyewe halitoshi hata kidole, mpira utakaa wapi. Daktari akamjibu kwa upole kwamba mipira ya saizi ile ipo, na kwamba si jambo la kufanya kwa kupenda. Akaondoka. Yasmin akaanza kulia bila sauti, machozi yakimdondokea kwenye khanga, na Bi Mwaija akaanza kuwashwa.

Jioni hiyo alirudi Igogo, lakini hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Maalimu Lukman, mzee aliyemfundisha Yasmin kusoma Kurani, akamwomba kombe. Maalimu alichukua sahani nyeupe, akaloweka zafarani, akaandika aya kwa kijiti taratibu, mstari juu ya mstari. Kisha akaziosha aya zile kwa maji safi, na maji yakawa ya njano iliyokolea. Akayatia kwenye kichupa.

"Anywe kidogo," alisema.

"Hanyweshwi kitu kwa mdomo, Maalimu."

"Basi chovya kidole umpake tumboni na mgongoni. Kidogo tu, Mwaija. Neno la Mungu halihitaji ndoo."

Alimjua vizuri, ndiyo maana alimwambia hivyo. Na haikusaidia.

Asubuhi Bi Mwaija aliingia wodini na kichupa amekifunga kwenye pindo la khanga. Sista Dorotea alikuwa ameshawaambia kina mama wote kwamba mtoto hapewi kitu wala hapakwi kitu bila nesi kujua. Bi Mwaija alilisikia hilo. Ila kwa fikra zake kitu ni mafuta, ni mitishamba, ni yale maji ya dawa ya mchango wa tumbo ambayo watu hununua sokoni. Maneno ya Mungu hakuyaita kitu. Akasubiri Dorotea ageuke, akaingiza mkono kwenye kidirisha, akachovya kidole, akapaka tumboni. Kitumbo kilikuwa cha vuguvugu, kimelegea. Akafikiria ile miaka yote ya mwanawe. Akafikiria mpira ukipitishwa pale pale alipoweka kidole. Kidole kikaonekana kidogo mno kwa shida kubwa namna ile. Akajaza kiganja, akamimina, akasoma, akajaza tena. Maji mengine yakateleza kwenye nyonga, yakaingia chini.

Dorotea alipokuja kumpima mtoto joto, akaipapasa nepi. Akaifungua. Ilikuwa imelowa, na ilikuwa ya njano.

Akaipeleka kwenye mizani. Alirudi na uso mwingine kabisa. "Yasmin," alisema, "mwanao amekojoa."

Sijui nikueleze vipi furaha ya chumba kile. Kelele zimekatazwa, kwa hiyo kina mama walipiga vigelegele kwa kuziba midomo na viganja, sauti zikitokea puani. Hellen, mama wa kitanda cha jirani, mtu wa Kigongo ambaye mtoto wake alikuwa na umanjano wa watoto wachanga, alimkumbatia Yasmin mpaka mshono ukamuuma. Na Yasmin akacheka. Bi Mwaija hakuwa amemwona anacheka tangu apelekwe leba. Kule koridoni Khalidi, mkwewe, fundi wa injini za mitumbwi kule Pasiansi ambaye mikono yake haikuwahi kutakata, alijifunika uso kwa mikono hiyohiyo akakaa chini sakafuni.

Daktari Nathaniel alikuja akaitazama nepi, akauliza imezidi kiasi gani, akaambiwa. Majibu ya damu yalikuwa bado mabaya, lakini alisema figo zikianza kuamka damu huchelewa kidogo kutakata. Mpira wa tumboni ukaahirishwa. Dripu ikaongezwa, na maziwa ya mama yakaanza kupitishwa kidogo kidogo kwenye mpira wa puani.

Sasa swali ni je, Bi Mwaija alijua? Nitasema ninavyoona mimi. Ile nepi ilipoletwa mbele yake alijua mara moja, kama unavyojua kwamba umeacha jiko linawaka. Halafu akakataa kujua. Akajiambia maji aliyomimina yalikuwa kidogo, hayawezi kufika uzito ule. Akajiambia hata kama yapo, yamechanganyika na mkojo wenyewe, maana kombe limefanya kazi yake, na kombe likifanya kazi lazima mtoto akojoe. Akamtazama Yasmin anavyocheka, na hapo akaacha kujiuliza. Ukiwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo akacheka baada ya kilio chote kile, wewe ndiye utakayesimama umwambie anyamaze?

Na tena, nisifiche, alijisikia vizuri. Hellen alipomnong'oneza, "Mama, nimekiona kichupa chako cha maji ya dua. Mimi ni Mkatoliki, lakini kesho naomba na mimi kidogo," Bi Mwaija alimpigapiga begani akamwambia usijali, kesho nitakuletea.

Na kwa kuwa dawa iliyofaa haiachwi, alimpaka mtoto tena mchana, kabla ya nepi kubadilishwa, na tena jioni. Nepi zikawa zinatoka njano.

Kesho yake mtoto alikuwa amenenepa. Ndivyo walivyosema. Mashavu yalikuwa yamejaa, vidole vya miguu vimekuwa vya duara, kope zimetuna. Kwa mtoto aliyezaliwa mwembamba hilo lilikuwa jambo kubwa, na uso ukamng'aa bibi yake kwa kumtazama. Walipompima uzito ulikuwa umepanda, na Yasmin akampigia simu mama yake Khalidi, Bi Raya, kumwambia kwamba mjukuu ameanza kushika mwili. Bi Raya akasema siku yake ya saba ikifika atachinjwa mbuzi, mtoto apewe jina la babu yake, Salum.

Lakini Dorotea aliupokea uzito ule kwa kukunja uso. Akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, na kidole kilipoondoka shimo likabaki pale pale. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka, mbavu zikijichora. Akamwita daktari, na daktari akaagiza Justa aje na mashine.

Yasmin alisimama kando ya kisanduku ameegemea bega la mama yake. Justa aliifumbata jeli, akaipasha, akaanza. Kwenye kioo zikatokea figo zilezile, nyeupe kama juzi. Akashuka chini. Akakaa pale kwa muda, akigeuza kifaa huku na huku, akibonyeza kidogo, akirudi.

"Daktari, kibofu kitupu," alisema. "Maji yapo tumboni, nje ya kibofu, na kifuani yapo. Ndani ya kibofu hakuna."

"Labda ametoka kukojoa."

"Hiki hakijawahi kujaa. Kuta zake zimeshikana."

Daktari Nathaniel alimgeukia Dorotea. "Nepi zimepimwa sawasawa?"

"Nimezipima mimi mwenyewe, daktari. Na rangi nimeiona kwa macho yangu, ya njano."

Justa hakubishana. Akaifuta jeli, akaisogeza mashine kitanda cha pili, akamwomba Hellen ruhusa, akampima mtoto wake. Hapo hata asiyesoma aliona. Katikati ya ukungu wa kijivu palikuwa na duara jeusi, safi. Kibofu kimejaa. Justa akakizima kifaa akarudi kwa daktari.

Daktari alishika kiuno. Alikuwa kijana, na uchovu ulionekana shingoni mwake. "Picha inasema hakojoi, mizani inasema anakojoa," alisema. "Sitaki kumfungua tumbo mtoto ambaye figo zake zimeamka. Tumpe sindano ya kusukuma mkojo, tusubiri mpaka jioni, turudie picha."

Tusubiri. Neno hilo ndilo lililomfika Bi Mwaija. Mbele yake kifua cha mjukuu kilikuwa kinafukuta, na ubavuni mwake Yasmin alikuwa amemwegemea na uzito wake wote. Alilihisi joto la shavu la mwanawe kupitia khanga. Akikaa kimya, hakuna atakayejua. Watafikiri mizani mbovu, au mashine mbovu, au Mungu amependa. Yasmin atamwegemea hivi hivi msibani, na atamwegemea maisha yote yaliyobaki. Akisema, huenda mtoto akapata nafasi, na bega hili halitaegemewa tena. Huyu ndiye mwanamke ambaye hakuwahi kukosa la kusema, na sasa alitamani mtu mwingine yeyote aseme kwa niaba yake.

Akafungua fundo la khanga. Akatoa kichupa, kilichokuwa kimebaki na maji kidogo chini, akakiweka juu ya mashine ya Justa, pembeni ya kioo.

"Mkojo wenyewe ni huu," alisema.

Dorotea alikifungua kichupa, akachukua nepi kavu, akamiminia. Rangi ikatanda njano. Akaiangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alikuwa anaangalia pia makosa yake mwenyewe.

"Tangu lini, bibi?" Daktari Nathaniel aliuliza.

"Tangu ile ya kwanza. Zote."

Yasmin aliondoa kichwa chake begani. Hakumsukuma mama yake, hakumtukana. Aliondoka tu pale, hatua kwa hatua kwa ajili ya mshono, akaenda upande wa pili wa kisanduku akaweka viganja vyake vyote kwenye kioo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Dripu ilipunguzwa, maziwa yakasimamishwa, Khalidi akaitwa atie saini. Mpira mdogo uliingizwa tumboni, na kweli ulikaa. Maji ya kusafishia yalipoingia na kutoka, mtoto alianza kupungua uvimbe kidogo, na kwa muda watu walithubutu kutumaini. Hellen alipiga magoti kando ya kitanda chake akasali rozari kwa ajili ya mtoto wa Kiislamu. Lakini moyo wa mtoto ulikuwa umechoka tangu zamani, umechoka tangu siku ya kuzaliwa, na kesho yake kabla ya adhuhuri ulisimama. Waliubonyeza kwa vidole viwili, wakaubonyeza tena. Halafu Daktari Nathaniel akaondoa vidole vyake. Khalidi aliruhusiwa kuingia kwa mara ya kwanza, akamwinamia mwanawe sikioni, akamwita Salum, ili asiondoke duniani bila jina.

Bi Mwaija alimfuata daktari koridoni.

"Mwanangu, niambie. Ni mimi?"

Alimtazama. Kulikuwa na majibu mengi mepesi, na nadhani aliyafikiria. "Bibi, figo zile ziliumia sana. Wengi wenye hali ile wanatutoka hata tukiwahi. Lakini tungeanza mapema ningekuwa na matumaini zaidi. Nikikuambia angepona, nitakuwa nakudanganya. Nikikuambia asingepona, vilevile."

"Haya, mwanangu."

"Na umefanya vizuri kusema," alisema. "Wangapi wangenyamaza."

Hilo halikumpoza hata chembe. Alishukuru, akaenda dirishani. Chini kule ziwa lilikuwa limetulia, linameta, mitumbwi ya dagaa imeegeshwa inakauka. Alilichukia ziwa lile kwa kuwa na maji mengi kiasi kile.

Mtoto alipelekwa nyumbani kwa kina Khalidi, Pasiansi. Yasmin alimpakata njia nzima garini, na mama yake alikaa kiti cha nyuma. Nyumbani wanaume walianza kutafuta sanda na kupanga kuchimba, wanawake wakatandika mikeka. Bi Raya akawasha moto, akapasha maji, akatia majani ya mkunazi. Kisha akatoka mpaka mlangoni alipokuwa amekaa Bi Mwaija peke yake, amejikunja kwenye ncha ya mkeka kama mgeni asiyejua mwenye nyumba.

"Mwaija, unasubiriwa," alisema.

Kwa sababu mwosha maiti alikuwa yeye. Akifa mwanamke au mtoto, kuanzia Igogo mpaka huku, ilikuwa inajulikana ataitwa Bi Mwaija, mwenye mkono mwepesi na asiyesimulia alichokiona kwenye mwili wa mtu. Alikuwa amewaosha watoto wengi. Alikuwa amemwosha mama yake mwenyewe.

"Nitafutieni mwingine, Raya."

"Mwingine nani? Acha hayo."

"Mimi simgusi tena mtoto yule."

Bi Raya alikwisha kusimuliwa kila kitu na mwanawe. Kusema kweli alikuwa na maneno makali tangu asubuhi, alikuwa ameyapanga, lakini alipomwona mwenzake amekuwa mdogo namna ile yakamwishia. Wanawake wakaanza kunong'ona. Ndipo sauti ya Yasmin ikatoka chumbani.

"Aje yeye."

Bi Mwaija akanyanyuka. Chumbani mtoto alikuwa amelazwa kwenye ubao uliowekwa juu ya mabeseni, amefunikwa kitambaa cheupe kuanzia kitovuni mpaka magotini. Yasmin alikuwa amekalia kigoda, ameshika kopo. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Wewe utaosha," alisema. "Mimi nitamwaga."

Bi Raya alitaka kusema kwamba mwenye mshono apumzike, akaona heri awasogezee maji.

Wakaanza. Bi Mwaija akaingiza mkono wake wa kushoto kwenye kitambaa, akasoma, akamwinua mtoto kidogo kichwani kama inavyofanywa. Hatua ya kwanza ni kupitisha mkono tumboni, kubonyeza polepole kuelekea chini, ili kama kuna kilichobaki ndani kitoke kabla ya kuoshwa. Ameshafanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba mkono unakwenda wenyewe. Safari hii mkono ulisita. Kulikuwa na kidonda kidogo pale mpira ulipopita, kimefunikwa plasta. Akakizunguka. Akabonyeza kwa upole, chini, mpaka mwisho.

Yasmin alikuwa anamwaga maji. Kitambaa chote kilikuwa kimeshalowa, maji yanachuruzika pande zote za ubao, yanaingia mabeseni. Tone likitoka au lisitoke, hakuna macho ambayo yangeweza kulijua. Mkono tu ndio ungejua, nao ulikuwa chini ya kitambaa.

Yasmin akasimamisha kopo.

"Mama," alisema. Tangu siku ile ya kichupa hakuwa amelitamka neno hilo. "Amekojoa?"

Wanawake waliokuwa chumbani walitazama chini. Yasmin alikuwa anamtazama mama yake machoni, na macho yale yalikuwa yanaomba. Bi Mwaija aliona kabisa yanaomba nini. Kidogo tu. Tone moja la mwisho, la kujua kwamba zile figo ziliwahi kuamka hata kwa dakika, kwamba mwanawe aliwahi kufanya lile jambo dogo wanalolifanya watoto wote wa watu. Halikuwa jambo la kumgharimu chochote. Neno moja, na huenda Yasmin angelilalia mpaka asubuhi. Huenda angemsamehe.

Akabonyeza tena, mara moja zaidi, kwa uangalifu, ili aseme anachokijua kwa hakika.

"Hajakojoa, mwanangu."

Yasmin alifumba macho. Machozi yakamshuka, na midomo yake ikatetemeka kwa muda mrefu, na hakuna aliyemgusa. Kisha akainama mpaka mshono ukamfanya agune, akachota maji, akaanza kumwaga tena, taratibu, pale ulipokuwa mkono wa mama yake.